Hodi ya Zaina

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Nitakusimulia, maana nimewasikia vijana mkicheka kwamba fundi Saidi, yaani mimi, lazima akae ameegemea ukuta, utadhani akiondoka ukuta utaanguka. Chekeni tu. Siku hizi hata mimi nacheka.

Nilikuwa kijana, fundi cherehani hapa hapa mtaani Nyamirambo. Ah, Nyamirambo ile! Tulikuwa mafundi sita kwenye baraza moja, cherehani zinalia tangu asubuhi, vitenge vimening'inia, chai ya tangawizi inaletwa kwa birika, na ikiadhiniwa adhuhuri mashine zote zinanyamaza pamoja. Tulitaniana hadi mteja anasahau kilichomleta. Natamani ungeipata asubuhi moja tu ya siku zile.

Lakini hakuna aliyethubutu kupita nyuma yangu. Mwaka ule wa mauaji ya kimbari ulininyang'anya baba, mama na ndugu zangu wote. Mimi nilinusurika kwa kujificha darini wiki nyingi, nikisikiliza nyayo. Miaka ikapita, nikaoa, nikapata binti, Zaina. Na bado nikisikia nyayo mgongoni, mwili ulirudi darini kabla akili haijauliza ni nani. Usingizi sina, hasira iko karibu. Watu waliniambia "ihangane", vumilia, nami nikavumilia kwa kuuma meno. Nilidhani ndio uanaume.

Basi siku hiyo Zaina, miaka sita, alitoka shule mbio, akanijia kwa nyuma, akanifumba macho kwa viganja vyake. Alitaka tu niseme, "Nani huyu?" Watoto wote hucheza hivyo. Mimi nilimrusha. Wallahi, mwanangu, nilimrusha kama mtu anayetupa nyoka, akaangukia pasi ya mkaa, mkono ukaungua. Na badala ya kumkumbatia, nikamkaripia yeye! "Nani kakufundisha kumshtua mtu mzima?" Kumrusha lilikuwa kosa la mwili wangu. Kumkaripia lilikuwa langu mwenyewe.

Kidonda kilipona. Lakini tangu hapo Zaina akifika alisimama chini ya ngazi za baraza, begi mgongoni, akasema, "Hodi, baba. Ni mimi." Halafu anasubiri nimwitikie. Nikajisifu eti mtoto wangu ana adabu!

Jirani yangu wa mashine alikuwa Bi Mwajuma, mshona mashuka, mdomo wake mkali kuliko mkasi wake. Alinivumilia kama wiki mbili. Siku ya siku akasimamisha gurudumu la cherehani yake kwa kiganja.

"Saidi, umeona wapi mtoto akimbishia hodi baba yake mzazi?"

"Ni heshima, Bi Mwajuma."

"Heshima gani! Hodi ni ya mgeni. Yule anakuogopa."

Iliniuma. Nikamjibu kwa ule msemo wetu, kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni.

"Basi tumbo lako limejaa," akasema, "na sasa unammwagia mtoto. Hata mimi nilizika watu wangu, Saidi. Twende hospitali ya Kibagabaga, wapo watu wanaotibu mambo haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilikasirika, nikahamishia cherehani yangu upande wa pili wa baraza. Siku tatu simsemeshi. Ya nne ilinyesha mvua kubwa, nami nakanyaga mashine, sisikii kitu. Nilipoinua kichwa nikamwona Zaina amesimama mvuani, daftari zimelowa, midomo inatetemeka, anasema hodi, hodi. Ngazi tatu tu, na hakuthubutu kuzipanda. Nililia mbele ya wateja. Kesho yake nikapanda basi na Bi Mwajuma.

Sikupewa kidonge cha kusahau. Nilipewa kiti, na mama mshauri aliyeuliza kisha akangoja jibu. Mwezi wa kwanza nilimweleza habari za vitambaa tu, maskini, akavumilia. Ndiye aliyeniambia kwamba mwili uliokaa na hofu muda mrefu huizoea, lakini unaweza kufundishwa upya. Nikishtuka, niguse mbao ya cherehani, nitaje siku ya leo, nivute pumzi taratibu. Bandu bandu huisha gogo. Kuna miezi nilirudi nyuma, hasa kila Aprili, mwezi mauaji yalipoanza. Nilimwita Zaina nikamwambia, "Baba anaumwa hofu. Wewe hukukosa kitu. Nisamehe." Akauliza, "Utapona?" Nikamwambia najaribu.

Hodi yake iliendelea miaka mingi. Sikumlazimisha aiache.

Mwaka jana alikuja kuchukua gauni la harusi nililomshonea mwenyewe. "Hodi, baba. Ni mimi," akasema mlangoni. Mara hii hakusubiri. "Nakuja nyuma yako," akasema, na viganja vyake vikanifumba macho. Moyo ulinienda mbio, mkono ukatafuta mbao ya cherehani. Nilikuwa nasikia kovu la mkono wake likinigusa shavuni. Nikauliza, "Nani huyu?" Akacheka, mwanangu, kicheko kile kile cha utoto wake wa miaka sita.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiona watu wa nyumbani mwako wanakupigia hodi kabla ya kukusemesha, usijidanganye kuwa ni heshima. Tafuta wa kumwambia, na umwambie mapema kuliko nilivyofanya mimi. Hata wewe uliyezaliwa baada ya mauaji, kama baba yako anawaka bila sababu, jua sababu ipo, na si wewe. Kuvumilia ni kwema, ila usivumilie peke yako hadi mzigo uwaangukie watoto. Na uliyemuumiza, hata akiwa mdogo kiasi gani, muombe radhi kwa mdomo wako.

Mungu akupe usingizi mzito, akupe Bi Mwajuma wako wa kukusema, na akujaalie nyumba ambayo watoto wako wataingia mbio, bila hodi. Amina.