Kiapo cha Leseni ya Ashraf

Mzee Rajab Haidar wa Mtambile hakujaaliwa mtoto wa kumzaa, lakini ukimwambia hivyo mbele ya watu alikuwa tayari kukunyima salamu mwaka mzima. Mtoto alikuwa naye, jina lake Ashraf. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo Mzee Rajab na mkewe, Bi Moza, waliifanya mpaka kijana akaota ndevu.

Ashraf alizaliwa na Shadya, mdogo wake Bi Moza. Shadya alikufa mtoto hajaacha ziwa. Baba mtu, Moosa Thuwein, alikuwa keshakwenda Arabuni kutafuta maisha, na maisha alipoyapata akasahau alikotoka. Siku ya kumwandikisha Ashraf skuli, mwalimu aliuliza jina la baba. Mzee Rajab alimtazama mtoto, akaona macho yanamngojea, akajibu bila kusita: "Rajab Haidar."

Shehe Hudhaifa alipopata habari alimwita pembeni, akamwambia kwamba nasaba ya mtoto haibadilishwi. Mzee Rajab akacheka. "Hizi karatasi za serikali tu, shehe. Mungu ajua."

Basi karatasi hizo hizo ndizo zilizomponza.

Mzee Rajab alikuwa dereva wa lori la saruji, na udereva alimfundisha Ashraf mwenyewe, barabara ya Mtambile hadi Chake, akimpiga kofi la kisogo kila alipokanyaga klachi ovyo. Leseni ilipotoka, imeandikwa Ashraf Rajab Haidar kama vyeti vya skuli, mzee aliizungusha baraza zote, anaionesha na haiachii mkononi. Bi Moza akamtania: "Leseni ya ntoto, kuringa uringe wewe!" Mwaka uliofuata Bi Moza akafa. Wakabaki wawili, baba na mwana, wakipika kwa zamu na kulaumiana chumvi.

Kisha Moosa akakumbuka kwamba ana mtoto. Baada ya miaka zaidi ya ishirini alituma salamu, akatuma tikiti, akatuma na habari ya kazi: udereva wa gari la kusambaza maji ya kunywa. Pasipoti ya Ashraf ilitolewa kwa cheti cha kuzaliwa, na cheti hicho, kilichoandikwa Shadya yu hai, kilisema Ashraf Moosa Thuwein. Hakuna aliyeiona kasoro. Mzee Rajab alimsindikiza kijana, akamsomea dua, akarudi nyumbani akapika wali wa watu wawili.

Miezi miwili haijatimia, Ashraf akapiga simu.

"Baba, wamekataa kunibadilishia leseni. Leseni yasema mie Rajab, pasipoti yasema Moosa. Waniona kama nimeiba leseni ya ntu. Kazini wamenipa siku arubaini. Nisipopata leseni ya huku, wanirudisha."

"Sasa wataka nini?"

"Hati ya kiapo, Baba. Kwamba Rajab aliyeandikwa kwenye leseni si baba yangu. Na lazima uape wewe mwenyewe. Nisamehe."

Mzee Rajab alisema atakwenda kesho, na hakwenda. Kesho yake mguu ulimuuma, keshokutwa ikanya mvua, wiki iliyofuata akasema ofisini kuna watu wengi. Tusimseme sana, nani anayekimbilia kujikata mkono? Siku ya thelathini na moja Ashraf alipiga simu analia, mwanamume wa miaka ishirini na mitano, na mzee hakuwahi kumsikia akilia tangu maziko ya Bi Moza. Lisilobudi hutendwa. Asubuhi yake alivaa kanzu ya Ijumaa akaenda Chake kwa wakili.

Karani wa wakili alikuwa binti aitwaye Arwa, mpole lakini mwenye haraka. Alimwamkia, akavuta fomu.

"Uhusiano wako na mwombaji?"

"Nimemlea mie."

"Kulea hakumo kwenye fomu, mzee wangu. Ni ndugu yako?"

"Mama'ke na mke wangu, ntu na mdogo wake. Wote washakufa."

"Basi nitaandika: anamfahamu."

Anamfahamu! Hata muuza chumvi wa Mtambile anamfahamu Ashraf. Mzee Rajab amemwogesha, amemkeshea surua, amemfundisha kusali na kubadilisha gia, leo anamfahamu. Iliuma, akameza.

Arwa akamsomea hati. Kwamba yeye, Rajab Haidar, si baba wa Ashraf. Kwamba jina lake liliandikwa kwa makosa. Kwamba kuanzia leo halitatumika tena kuwa jina la baba wa kijana huyo.

"Halitatumika wapi?" mzee akauliza.

Nje walikuwa wakingoja watu sita. "Popote, mzee wangu."

"Hata ndomoni? Hata akiniita tu?"

Binti akadhani anataniwa. "Hata mdomoni," akajibu kwa kicheko, akamsogezea msahafu.

Mzee Rajab aliomba kwanza akatie udhu. Aliporudi aliweka mkono juu ya msahafu, akaapa neno kwa neno, taratibu, mpaka Arwa akaacha kucheka.

Laiti angepitia kwa Shehe Hudhaifa! Shehe angemwambia kwamba kiapo kile ni cha nasaba na karatasi, na kwamba mtoto kumwita mlezi wake baba kwa heshima si dhambi. Lakini alimwonea haya, maana siku ile ya skuli alimcheka. Na kwa Mzee Rajab, ukishaapa kwa msahafu, umeapa.

Siku ya thelathini na tisa leseni ikatoka. Ashraf alipiga simu adhuhuri. Mzee alikuwa barazani na jirani yake, Mzee Jecha, wanachambua karafuu.

"Baba! Nimeipata! Umeniokoa, Baba!"

Mzee Rajab akafungua mdomo, akaufunga. Akiitika, amevunja kiapo. Alikuwa amekusudia kumwambia, "Tangu leo niite Ami," lakini kujifanya ndugu wa baba tu aliona ni kumkana mara ya pili.

"Baba? Wanisikia?"

Alimsikia sana. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, machozi yakimlowesha ndevu.

"Mtandao mbaya," Ashraf akasema. "Nitapiga kesho, Baba."

Akapiga kesho, akapiga na keshokutwa. Kila simu ilianza na neno lile lile, na kila mara mzee alisikiliza mpaka ikakatika. Jecha alimwuliza kulikoni, asijibiwe. Wiki ya tatu, Ashraf akampigia Jecha mwenyewe.

"Ami Jecha, nambie kweli. Baba kanikasirikia kwa ile hati?"

Jecha akamgeukia Mzee Rajab, aliyekaa hapo hapo mkekani, akampa simu. "Shika. Ntoto ataka kusema na baba'ke."

Mzee Rajab akatikisa kichwa. Yeye si baba'ke, keshaapa. Akatikisa tena, uso ameufunika kwa kofia yake.

Jecha akairudisha simu sikioni.

"Hataki, mwanangu," akasema.