Programu ya Bure na Wifi wa Mama Mkasi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu, tunayemwita Mama Mkasi kwa ukali wa ulimi wake, alichoka kuona hela zinamponyoka bila kujua zinakwenda wapi. Akaamua kutafuta programu ya simu ya kumfuatilia matumizi.

Ya kwanza ilitaka malipo kila mwezi. "Yaani nikulipe ili uniambie nimefilisika?" Akaifuta. Ya pili ikamuuliza mshahara wake, mafuta ya gari na chakula cha mbwa. "Mbwa gani? Mimi nashona mashati!" Nayo akaifuta. Ya tatu ilikuwa ya bure. Akaipokea kwa mikono miwili.

Siku chache baadaye wifi yake akaja kuomba hela ya kutengeneza friji. Mama Mkasi akafanya kama tunavyofanya sote: akashusha pumzi, akapapasa mifuko, akasema, "Wifi yangu, mwezi huu sina mbele wala nyuma."

Simu ilikuwa mezani, katikati yao. Ikalia, kioo kikawaka: "Hongera! Akiba yako imeongezeka!"

Wifi akasoma. Akavuta kiti, akakaa vizuri.

Mama Mkasi akabonyeza palipoandikwa "Ficha ujumbe". Programu ikamjibu kwamba hiyo ni huduma ya wanaolipia.

Akamtumia wifi hela kwa simu ileile, ameuma meno. Hapohapo programu ikauliza: "Matumizi haya yamesababishwa na nini?"

Akaandika: "Wewe."