Siku Nilimuficha Binti Yangu mu Pori ya Kigwena

Njia ya pori ya Kigwena iko rahisi. Haina mulima, haina mawe, chini kuna majani laini na jua haikupati. Kutoka Rumonge mutu anatembea na mutoto mudogo bila kuchoka. Ndiyo maana niliichagua siku ile, hata kama Wadachi walikuwa wameikataza kwa ajili ya ndorobo, wale inzi wanaoleta malale.

Miaka ile malale iliingia kando ya ziwa. Mutu anasinzia akila, anasinzia akiongea, mwisho haamuki tena. Muganga wa Kidachi akasimamisha hema karibu na boma, kila mutaa ukapewa siku yake ya kushikwa shingo. Mwenye uvimbe anachomwa sindano, maji ya uvimbe yanatazamwa mu kioo cha kukuza vitu. Wakionekana wadudu, anapelekwa kambi ya wagonjwa. Jirani yangu alipelekwa pamoja na mutoto wake. Hakurudi hata mumoja.

Siku moja kabla ya mutaa wetu kuitwa, nilikuwa namuogesha binti yangu, alikuwa na miaka saba. Kidole changu kikakuta kitu nyuma ya shingo. Vilikuwa vitatu, vigumu kama maharagi.

Sikumwambia mutu. Bwana yangu alikuwa Ujiji kwa biashara ya chumvi. Asubuhi nikamuvalisha mutoto kaniki mpya, nyeusi, nikamufunika mpaka kwenye masikio. Nikamwambia tunaenda kijiji cha Kigwena, ngambo ya pori, kwa mama yake mudogo.

“Mama, si leo wanatuita?”

“Tembea, mwanangu.”

Tulikuwa tumeingia pori muda mrefu, tukakutana na mwanamuke anabeba chungu cha mawese.

“Amahoro, mama. Huyu umemuvalisha nyeusi humu ndani? Unaalika ndorobo kwenye harusi?” Akacheka. “Angalia mimi, nimejipaka mawese mwili muzima. Bwana yangu mwenyewe ananikimbia, sembuse inzi!”

Mimi sikucheka. Nikamuuliza njia iko namna gani mbele.

“Kule miti inaishia kuna askari wawili. Mwenye kufunika shingo ndiyo wanamufunua wa kwanza.” Akamutazama mutoto, kicheko kikaisha. “Urudi, mama. Ama mungoje humu mpaka waondoke jioni.”

Nikachagua kungoja. Tukakaa chini ya muti mukubwa. Ndorobo wakaanza kuja, mumoja, wawili, wanatua bila sauti, wanachoma juu ya nguo. Nilikuwa nawapiga kwa tawi. Kisha adhuhuri ikafika. Sijawahi kuacha sala kwa kupenda, hata siku za uzazi wangu, sala inapokatazwa, nilihesabu siku za kuianza tena. Nikatayamamu kwa udongo, nikasimama.

Kwenye sijida nikasikia tawi linapiga mugongo wangu. Pa. Pa. Mutoto alikuwa ananifukuzia inzi. Nikainua kichwa, nikamuona pembeni: ile kaniki imejaa ndorobo, kwenye mikono, kwenye mabega, na yeye anapiga mugongo wangu tu. Machozi yanashuka, mudomo ameufunga.

Nikavunja sala.

“Kwa nini hukuniita?”

“Ulikuwa unasali, mama.”

Mimi ndiye nilimufundisha hivyo, kwamba mutu akisimama mbele ya Mungu hasemeshwi. Nikaivuta ile kaniki, nikaitupa. Nikamubeba ndani ya nguo yangu, nikarudi njia ileile nakimbia.

Kwenye hema musaidizi wa muganga, mutu wa Ujiji, alikuwa anafunga vitu.

“Mama, mutaa wako umepita asubuhi.”

“Mushike shingo,” nikamwambia.

Akamushika. Akaleta sindano, mutoto akanibana kidole mpaka kikafa ganzi. Mudachi akainama juu ya kioo chake, akakaa hapo. Nikasoma Yasini yote niliyoijua, nikaanza tena, yeye bado ameinama. Mwisho akasema maneno mawili, akatoka nje.

“Wadudu hakuna,” musaidizi akasema. Akatenganisha nywele za mutoto kwa kidole. “Tazama vidonda. Nani alimusuka hivi?”

Ni mimi. Nilimusuka kwa Idi, nikavuta kwa nguvu ili zikae. Uvimbe ulitoka kwenye vidonda vile. Nikamushika mutoto mukono, twende. Lakini yeye alikuwa ameona mikono.

“Na hizi? Ameumwa na ndorobo leo. Mumepita wapi?”

Ningeweza kusema tumepita pwani ya ziwa.

“Mu pori. Nilikuwa namuficha.”

Akanitazama, hakunigombeza. Akaandika mu kitabu. Mimi nimesoma masomo ya jioni, lakini kwa herufi za Kiarabu. Zile zake sikuweza kuzisoma, nikabaki natazama mukono wake unavyokwenda.

“Malale haionekani siku moja. Umulete kila mwezi, miezi sita.”

Nikamuleta. Kila alfajiri kabla ya kutawadha nilikuwa namushika shingo akiwa amelala, na akichelewa kuamka nilikuwa namuita kwa sauti mpaka majirani wananigombeza. Mwezi wa sita yule musaidizi akamushika muda mrefu, kisha akapiga mustari juu ya jina lake. “Yuko muzima,” akasema.

“Mama, naweza kwenda kucheza?” binti yangu akauliza.

Nikamuachia mukono.