Gemu za Mkwe Wangu

Gemu ya kwanza niliyocheza maishani mwangu ni ile ya nyoka, ya kwenye kitochi, simu ndogo ya vibonye, na nasema tangu mwanzo kwamba sikuipenda. Nyoka yule kazi yake kula. Akila anarefuka, akirefuka anajigonga mwili wake mwenyewe, anakufa. Sasa hapo umejifunza nini? Nimeishi Kifanya umri wangu wote, nyoka nimewaua wengi tu kwa jembe, kwenye viazi na kwenye miti ya mbao, sijaona hata mmoja aliyekufa kwa kujigonga. Lakini nilimcheza wiki tatu nzima, maana nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni mkono.

Mkono wangu wa kulia ulilala. Kiharusi. Asubuhi moja nimeamka nataka kuwasha moto, kiberiti kikaanguka. Nikakiokota, kikaanguka. Nikakigombeza kiberiti, kumbe maskini hakina kosa. Jirani akampigia simu binti yangu, akaja na mume wake, wakanichukua mpaka Makambako wanakoishi. Mguu ulirudi upesi. Mdomo nao uliokuwa umekwenda upande ukanyooka, na wanaonijua walisema afadhali ungetangulia mkono, mdomo ukakawia kidogo. Mkono ulikataa. Vidole vilijikunja kama vya kuku aliyechinjwa.

Binti yangu ni mwalimu. Ana moyo mzuri, ila amezoea kuamua mambo ya darasa zima. Akaniambia, "Mama, mkono usiporudi kabla ya mvua, shamba tunakodisha na wewe unabaki hapa hapa kwetu." Kwake huo ulikuwa upendo. Mimi nililala chali nikatazama dari. Nilitaka kurudi kwangu. Jiko langu, migomba yangu mitatu isiyozaa kwa sababu ya baridi lakini naipenda, kaburi la mzee wangu nyuma ya nyumba. Na tena kuna jambo la mkwe.

Kwetu Wabena mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatushikani mikono. Hatuli meza moja, hatutazamani usoni. Zamani tukikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mchungaji alishatuhubiria kwamba mambo hayo si lazima tena, na mimi nikaitikia amina kama wote, lakini mwili hausikii mahubiri. Miaka yote tangu amwoe binti yangu nilikuwa naijua zaidi migongo ya viatu vyake kuliko uso wake.

Sasa fikiria watu hao wawili wamewekwa nyumba moja mchana kutwa. Binti yuko shuleni. Mkwe ni fundi wa simu na redio, kibanda chake kimeshikana na nyumba, ukuta mmoja tu wa tofali kati ya meza yake na sebule niliyokaa mimi. Nikitaka kwenda chooni nakohoa ili ageuke. Yeye akitaka maji ya kunywa anakohoa ili nijifunike. Jirani mmoja wa pale aliwahi kumuuliza binti yangu kama nyumba nzima tuna kifua kikuu.

Hospitali kulikuwa na dada wa mazoezi, mgeni wa huku, nadhani wa pwani, mchangamfu sana. Alisema vidole lazima vikunjuliwe kimoja kimoja, asubuhi, mchana na jioni. Siku hiyo binti hakuweza kuja, mkwe ndiye aliyenipeleka, mimi nimekaa nyuma ya bajaji na yeye mbele kwa dereva. Akawa amesimama mlangoni ameangalia nje. Yule dada akamwita, "Kaka, njoo uone! Wewe ndiye utakayemfanyia mama yako mchana." Kabla sijasema neno akauchukua mkono wangu uliolala, akauweka kwenye kiganja cha mkwe wangu.

Mwanaume yule aliruka kama ameshika waya wa umeme. Mimi nikavuta kitenge nikajifunika mpaka kichwa. Dada wa watu akabaki anatutazama. "Jamani, mmegombana?"

"Hapana," mkwe akasema akiwa ameshafika koridoni. "Yule ni mama mkwe."

"Sasa?"

Utamwelezaje mtu kitu kama hicho? Nilikaa ndani ya kitenge nikaona aibu, halafu aibu ikageuka hofu. Asubuhi na jioni binti atanikunjua vidole. Mchana nani? Mvua zilikuwa zimebaki miezi minne.

Kesho yake, binti ameshatoka, nikasikia kikohozi. Nikajifunika. Nilipojifunua nikakuta kitochi kwenye kigoda, kimewashwa, nyoka anasubiri. Kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ikasema, "Mama, bonyeza kwa dole gumba la kulia. La kushoto haliruhusiwi."

Basi ndivyo nilivyoanza. Vibonye vya kitochi kile vilikuwa vigumu kama punje za mahindi makavu. Siku ya kwanza nyoka alikufa kabla sijakibonyeza hata kimoja. Siku ya nne aligeuka kona moja nikapiga kelele, na ukuta nao ukapiga makofi.

Nyoka akaondolewa, nikaletewa simu ya kupangusa yenye gemu ya peremende. Hii nayo ina mambo yake. Unapanga peremende tatu za rangi moja, zinapasuka, unasifiwa. Unasifiwa sana, kupita kiasi. Mimi nimezaa watoto sita, nimelima, nimeimba kwaya, hakuna aliyenimwagia nyota kichwani kama simu ile iliponiona nimepanga peremende. Lakini nakiri niliipenda. Ilitaka kidole cha shahada kiteleze polepole, na mimi kwa kutaka sifa nikateleza.

Ya shamba ndiyo iliyonikasirisha. Unapanda ngano, unakwenda chooni, ukirudi imeiva. Hakuna palizi. Hakuna ukungu wa viazi, hakuna dalali wa kukupunja pale Njombe. Ng'ombe anakamuliwa amesimama wima anacheka. Nilimwambia mkwe kupitia ukutani, "Baba, aliyetengeneza hii hajawahi kushika jembe."

"Ni kweli, mama. Lakini umevuna karoti ngapi?"

"Sabini."

"Kwa mkono gani?"

Nikautazama mkono. Sikuwa nimegundua kwamba kuvuna kule ni kubana vidole viwili na kuvuta. Ndipo nikaanza kumshuku. Nilipomuuliza binti jioni alicheka. "Mama, anakaa na ile karatasi ya mazoezi ya hospitali mezani. Kila gemu anaitafutia kidole chake." Nikajifanya sijali. Nikaenda kulala mapema nikalia kidogo, si kwa huzuni.

Ya kupiga risasi niliikataa. Ilikuwa ya mazoezi ya kifundo cha mkono, sawa, lakini niliua watu wawili kwa bahati mbaya nikashindwa kusali vizuri. Ya mpira nayo, wale wachezaji hawachoki, hawatemi mate, hawagombani na refa, mpira gani huo. Nilifunga goli kwetu wenyewe nikashangilia mpaka nilipoelezwa. Ya magari, ah, ile niliipenda kuliko zote. Unashika simu kwa mikono miwili kama usukani na gari linafuata mikono yako. Mimi ambaye hata baiskeli sijawahi kuendesha, nilishuka milima isiyojulikana kwa kasi ambayo malori ya Songea yangeniogopa. Mwanzoni gari lilikuwa linakwenda kushoto tu, maana mkono wa kulia ulikuwa hauinui upande wake. Likawa linaingia mtaroni kila mara. Mwezi mzima mtaroni. Halafu siku moja likapita kona ya kulia, likanyooka.

Lakini gemu tuliyocheza pamoja ni ludo. Yeye na simu yake kwenye meza ya ufundi, mimi na yangu sebuleni, zimeunganishwa sijui vipi, ukuta katikati. Huwezi kusema tulikaa pamoja. Wala huwezi kusema hatukukaa pamoja. Mila haikuwa imefikiria ludo ya kwenye simu.

Nilishinda mara tano mfululizo, nikavimba kichwa. Ya sita nikaona kete yangu imekaa mbele ya kete yake, hatua tatu, na yeye amepata tatu. Akasogeza kete nyingine ya mbali.

"Baba," nikaita, "mbona hukunila?"

"Sikuona, mama."

"Fundi anayeona waya mwembamba kama unywele, kete nyekundu hakuiona?"

Mteja wake mmoja akacheka huko kibandani.

"Mimi ni mgonjwa wa mkono," nikasema. "Kichwa kizima. Ukinihurumia tena naacha kucheza."

"Nisamehe, mama."

Mchezo uliofuata alinila kete nne bila aibu, kila akila anasema "Kamwene, mama," kama vile ananisalimia kwa Kibena. Nikamtukana matusi ya heshima, yale anayoweza kutukanwa mkwe. Sijawahi kufurahi kushindwa kiasi kile.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Binti akaniweka kikao jioni moja. Mkono ulikuwa umerudi kiasi: kidole gumba kizuri, cha shahada kizuri, cha kati kivivu, viwili vya mwisho vimelala usingizi wao hadi leo. "Mama, umejitahidi sana," akasema, na mimi nikajua mwalimu akianza hivyo umeshafeli. "Lakini kule uko peke yako. Nimepata mtu wa kukodi shamba."

Nikaanza kuvihesabu vidole vyangu vilivyorudi.

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta. Katika miaka yote mkwe wangu hakuwahi kuingilia mazungumzo yangu na binti yangu. "Mama wa watoto," akasema, "mpeleke kwanza akajaribu. Mtu haamuliwi kabla hajacheza."

"Hili si gemu!"

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Tukaenda Jumamosi, gari la kuazima, mkwe akiendesha, mimi kiti cha nyuma, nyuma yake kabisa, ili tusionane kwenye kioo. Binti alikuwa amesema kitu kimoja tu: "Ukishindwa hata kuingia ndani, tunarudi wote, na hakuna kulia." Nyumba yangu ilikuwa imefungwa kwa kufuli kubwa, la mzee wangu, na miezi ile ya ukungu ilikuwa imelitia kutu. Nikaingiza ufunguo kwa mkono wa kulia. Ukaingia. Kuzunguka ukakataa. Nikabana vidole viwili, ufunguo ukachomoka ukaanguka kwenye majani.

Binti akainama kuuokota. "Basi, mama. Nipe mimi."

"Mwache," mkwe akasema. Alikuwa amesimama kando ya gari, ametugeuzia mgongo, anaangalia misitu ya mbao ya watu. "Hajamaliza."

"Humwoni anavyohangaika?"

"Simwoni. Namsikia. Mwache."

Binti akarudi nyuma. Nikauokota mwenyewe, nikaufuta kwenye kitenge, nikauingiza tena. Sikuvuta kwa nguvu. Nikafanya kama ile kona ya kulia, unainua kifundo kidogo kidogo, husukumi. Sijui ilichukua muda gani. Jirani alikuwa ameshatoka nje, ameshika kiuno. Kufuli likalia, likafunguka, likabaki linaning'inia.

Ndani kulinuka panya na majivu ya zamani. Nikaanza kutafuta kuni kavu nyuma ya mlango. Binti yangu akasimama katikati ya nyumba akatazama utando wa buibui, akatazama mkono wangu. Kisha akachukua ufagio, akaanza kunifagilia.