Maini ya Kwanza

Juzi nilitoa jiko la kuchomea nyama stoo, chini ya ngazi. Hapa Riyadh majirani zetu Waarabu baridi ikiingia ndiyo kwanza wanabeba majiko yao kwenda jangwani. Sisi baridi ikiingia tunafunga madirisha, na jiko tunalisokomeza stoo mpaka joto lirudi. Mwanangu alitaka kulitupa.

"Mama, hilo limekwisha. Nitanunua la umeme."

Nikamwambia aniachie kwanza nilisugue.

Nikapanda nalo juu ya paa, nikatandika gunia. Wavu umeota kutu, mafuta ya mwaka jana yameganda kama lami. Nilipoanza kukwangua, ile harufu ya mafuta yaliyolala ikanichukua mpaka Jeddah, kichochoroni kwetu Balad, mji wa kale, na mimi mtoto, meno ya mbele sina.

Baba alikuwa hamali sokoni. Tulikaa nyumba moja ya mawe na watu wengine waliotoka Unguja kama sisi, kila mama na chumba chake, jiko la makaa la nyumba nzima moja. Mvua za baridi zikija, jiko linawekwa ndani. Zikiisha, linatolewa uani, na kulisafisha ni kazi yetu watoto wa kike. Sabuni hakuna. Tulisugua kwa mchanga na kipande cha gunia, kisha Bi Kazija, jirani wa chumba cha juu, anapaka wavu mafuta ya mkia wa kondoo mpaka ung'ae. Tulikuwa mimi na mdogo wangu, na Mgeni, na Tatu, na Rukia wa Bi Kazija. Shule sikukaa sana, lakini majina hayanipotei.

Na ilikuwa hivi: aliyesugua hali kwa mkono wake. Mikono imejaa masizi, basi maini ya kwanza yakitoka motoni unalishwa. Mama anapuliza kipande, anakichovya kwenye chumvi na ndimu, anakuita kwa jina lako na la baba yako, kama unaitwa mbele ya kadhi. "Zakia binti Hamadi, fumbua kinywa." Maini yanaunguza ulimi na huyatemi. Mdogo wangu alikuwa akijipaka masizi mpaka usoni ili alishwe mara mbili.

Wote wale wamekwenda. Tumebaki mimi na huyo mdogo wangu, yuko kulekule Jeddah, mtaa wa Sharafiya, kwa binti yake. Nikampigia simu palepale juu ya paa. Nilichotaka ni aje tu, tukae pamoja siku moja.

"Unasugua chuma na umri huo?" akasema. "Mwanao kafilisika?"

"Njoo Ijumaa. Nitachoma maini."

"Magoti, dada. Ndege nitaipandaje? Njoo wewe."

"Nitaletwa na nani? Kila mtu yuko kazini."

"Basi kaa na maini yako, na mimi nikae na magoti yangu."

Tukacheka. Akasema, "Ndimu usisahau," akakata.

Ijumaa nikasugua tena mpaka wavu ukatoa rangi yake. Mwanangu akawasha makaa, akachoma maini, na akachoma vizuri, simsemi vibaya. Ni mtoto mwema. Akanitilia kwenye sahani, akaniwekea na uma juu yake.

"Kula, mama, yatapoa. Watoto wanataka kula chini, kwenye kiyoyozi. Nikushushe?"

Nikamwambia mimi nakaa kidogo. Akashuka.

Chumba chetu cha Balad nasikia kimefungwa kwa mbao, watu wanapita nje wakipiga picha. Huku naitwa mama, naitwa bibi, naitwa dada, na yote ni majina ya heshima. Nilikaa pale na mikono yangu myeusi kwa masizi magotini, sahani mbele yangu, mpaka mafuta ya maini yakaanza kuganda.