Kompyuta Isiyozimwa

Chumba cha masikio hakina dirisha. Kilijengwa hivyo makusudi. Kuta zimevikwa sponji nene ya kijivu, mlango ni mzito kama wa jokofu la bucha, na ukiufunga, kelele zote za kituo cha afya, vilio vya watoto, vikohozi, ndoo za mfagizi, hukatika ghafla kama uzi. Kinachobaki ni pumzi yako na damu inayogonga kichwani. Wagonjwa wengi hukiogopa siku ya kwanza. Mama Betri amekaa humo karibu nusu ya umri wake.

Jina hilo alipewa na wagonjwa wenyewe, kwa sababu ya vibetri vidogo kama vifungo vya shati anavyowagawia kila wanapokuja. Kazi yake ni kupima usikivu wa watu na kuwarekebishia vifaa vya kusikia. Mgonjwa huketi, huvaa vipokea sauti, hunyoosha kidole kila anaposikia mlio, na Mama Betri hufuata mlio ule ukififia, ukififia, mpaka kidole kinapokataa kunyanyuka. Hapo anajua pa kuanzia. Halafu hukiunganisha kifaa cha mgonjwa na kisanduku cheusi kwa nyaya nyembamba, na kisanduku na kompyuta kwa waya wa USB, kisha hukifundisha kifaa: sauti hizi ziinue, hizi ziache, hizi zinyamazishe kabisa.

Tabu ni kwamba programu inayozungumza na kisanduku ni ya zamani sana. Walioitengeneza waliacha kuishughulikia, nayo haikubali kukaa kwenye kompyuta mpya. Kompyuta ya mwanzo ilipokufa, mtoto wa kaka yake, anayefanya kazi za kompyuta mji mwingine, alikuja likizo akatengeneza jambo ambalo Mama Betri alilitazama amekunja mikono kifuani. Ndani ya kompyuta mpya aliweka kompyuta nyingine, isiyo ya chuma wala plastiki, ya maagizo matupu. Akaiita mashine pepe. Humo ndimo alimoweka mfumo wa zamani, na programu ya zamani juu yake. Kwenye kioo ilionekana kama dirisha lenye ulimwengu wake. Mama Betri aliiita "ya ndani".

Ya ndani ilijiona kompyuta kamili. Haikujua kwamba kuna nyingine imeibeba. Ila haikuwa na matundu. Matundu yote ya USB yalikuwa ya ile ya nje, na ukichomeka kisanduku, ya nje ndiyo iliyokikamata. Ili kifike ndani, ya nje ilipaswa kukiachia, na ilikiachia kwa mtu mwenye ruhusa tu. Kijana aliandika ruhusa hiyo kwa jina la shangazi yake, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka.

Ndivyo Mama Betri alivyofungwa, maana kituoni hakukuwa na mwingine aliyejua kazi hiyo wa kupewa ruhusa. Kuazimana nywila kulikatazwa, kwa sababu ya siri za wagonjwa, na Mkuu wa kituo alilisimamia katazo hilo bila mzaha. Kwa hiyo kila barua ya kuomba likizo ilirudi na swali lile lile: nani ataifungua mashine? Mama yake mzazi alipougua, alingoja mtu apatikane. Alipofika nyumbani, watu walikuwa wameshatoka makaburini na wanakunja viti.

Sasa alikuwa mdogo wake. Uvimbe shingoni. Alipiga simu asubuhi, Mama Betri akiwa ndio kwanza anafungua mlango ule mzito.

"Dada, kesho asubuhi wananipasua."

"Najua. Nakuja leo, basi la alasiri."

"Hata wakati wa mama ulisema unakuja."

Mama Betri aliuegemea mlango.

"Sikulaumu," mdogo wake alisema. "Nakwambia tu, safari hii usije baadaye. Baadaye nitakuwa nimelala. Na kama sikuamka..."

"Nyamaza wewe!"

"...kama sikuamka utanitazama useme nimependeza. Mimi nataka uje niwe macho, nikuseme."

Begi lilikuwa chini ya meza tayari. Mama Betri alienda moja kwa moja kwa Mkuu, mtu mnene mwenye huruma na uoga kwa kiasi kinacholingana.

"Nenda, mama," Mkuu alisema. "Mimi si mtu mbaya. Lakini Bwana Picha aifungue mashine mwenyewe, kwa jina lake, amhudumie mgonjwa mmoja nikiona kwa macho yangu. Mkifanikiwa, beba begi. Isipofunguka, unanielewa. Watu watakuja kunipigia kelele, na wale watu wako hawajui kupiga kelele kidogo."

Bwana Picha alikuwa mtu mzima wa makamo, aliyehamishwa kutoka chumba cha eksirei baada ya mashine ya huko kufa. Alikuwa amekaa na Mama Betri tangu mwanzo wa mwezi, akijifunza kwa utaratibu, akiandika mambo kwenye kiganja.

"Usihofu, dada," alimwambia. "Mimi nimeshazika mashine nzima. Hii yako inaumwa tu."

Mgonjwa naye alikuwa amefika: Kinyozi wa barabara ya nyuma, ambaye kifaa chake kilikuwa kinapiga mluzi badala ya kumsaidia kusikia.

"MAMA BETRI!" alisema, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "NISAIDIE KABLA SIJAUAWA! MTEJA KANIAMBIA PUNGUZA, MIMI NIMESIKIA NYOA! KAENDA KUOA NA KICHWA KAMA YAI!"

Walifunga mlango. Walikuwa wanne humo ndani, magoti karibu yagusane. Mkuu alisimama akiegemea sponji.

Bwana Picha aliingia kwa jina lake. Akaifungua ya ndani, ikaamka. Akafungua programu ya zamani. Ikatafuta kwa muda, kisha ikaandika: kisanduku hakijapatikana.

"Kichomoe, kichomeke tena," alisema Mama Betri.

Hakikupatikana. Wakabadilisha tundu. Wakabadilisha waya. Bwana Picha alifungua orodha ya vifaa ambavyo ya ndani ingeweza kupewa, na orodha ilikuwa tupu, nyeupe kama sahani iliyooshwa.

"Lakini jana nilikuongeza kwenye kundi la wenye ruhusa," Mama Betri alisema. "Nilikuongeza, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Jina langu lilikaa pale, nililiona."

Mama Betri akaingia kwa jina lake mwenyewe, kujaribu. Kisanduku kikaonekana mara moja, taa yake ya kijani ikawaka. Akampisha, Bwana Picha akarudi kwa jina lake. Tupu. Ilikuwa kama mtoto mchanga anayekataa kubebwa na mtu mwingine. Ukimpokea ananyamaza, ukimpa mwenzio analia. Wakati wote uliopita jambo hilo lilimpa Mama Betri fahari kidogo. Sasa lilimkaba.

Mkuu alitazama saa yake, akatazama begi, akatazama sponji.

"NI MIMI NIMEHARIBU?" aliuliza Kinyozi.

Mama Betri alitikisa kichwa ili amwone, akampigia mtoto wa kaka yake.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba. Salamu nyingine tutazimalizia mbele. Nimemwongeza mwenzangu kwenye kundi, kama ulivyonionyesha. Kisanduku hakionekani kwake."

"Baada ya kumwongeza, alitoka akaingia upya?"

"Ameingia asubuhi hii."

"Aliingia, au alifungua tu kioo kilichokuwa kimefungwa?"

Mama Betri na Bwana Picha walitazamana. Juu ya kompyuta kulikuwa na karatasi, imebandikwa kwa plasta ya vidonda: USIZIME. Aliibandika yeye mwenyewe baada ya siku moja umeme kukatika na kompyuta kukataa kuamka mpaka mchana, wagonjwa wamejaa ukumbini wakiulizana kwa kelele nini kimetokea. Tangu siku hiyo hakuna aliyeizima. Waliondoka jioni wakifunga kioo, wakarudi asubuhi wakakifungua. Bwana Picha aliingia kwa jina lake siku yake ya kwanza ya kazi na hajatoka tena.

"Shangazi, upo? Kompyuta husoma ruhusa za mtu mara moja tu, pale anapoingia. Huyo mwenzako aliingia akiwa hana ruhusa. Umempa, sawa, lakini mashine bado inamjua kwa hali aliyoingia nayo. Atoke kabisa, aingie upya. Basi."

"Basi?"

"Basi. Ni dakika moja."

Bwana Picha alibonyeza pa kutokea. Kioo kikawa cheusi. Wakangoja maandishi ya kuingilia yarudi. Hayakurudi. Feni ya kompyuta ilinguruma, ikapanda, ikakaa huko juu. Kioo kiliendelea kuwa cheusi, na ndani yake waliona nyuso zao nne.

"Imeganda," alisema Bwana Picha, kwa sauti ya mtu aliyewahi kufiwa.

"Mwanangu, imeganda."

Kijana alisikika akivuta kiti. "Basi izimeni kwa kitufe. Kishikilie mpaka iache kunguruma."

"Humu ndani kuna masikio ya watu wote. Vipimo vyao vyote. Ikikataa kuamka nitaanza upya na kila mmoja wao, hata waliokwisha kufa nitawapima wapi?"

"Shangazi, ikibaki hivyo ilivyo, pia huna kitu."

Mkuu alijikohoza. "Mama, labda tuiache kwanza. Tumwite mtu. Wiki ijayo..."

Mama Betri alilisikia neno hilo, wiki ijayo. Alilifahamu vizuri. Ndilo aliloambiwa yeye wakati mama yake alipokuwa bado anakula uji. Alinyoosha mkono, akakishika kitufe, akakibana. Feni ilinguruma, ikanguruma, ikakata.

Kimya cha chumba kile kilikuwa kizito siku zote, lakini hiki kiliwakalia mabegani. Hata Kinyozi, ambaye kwake kimya hakikuwa kitu kigeni, alishika pumzi. Mama Betri alibonyeza tena. Taa ndogo. Herufi zikaanza kupita, nyeupe juu ya weusi, mistari na mistari asiyoijua. Ikasimama. Alihisi jasho likishuka nyuma ya sikio. Ikaendelea. Ikasimama tena, kwa muda mrefu zaidi, mpaka Bwana Picha akaanza kusema maneno ya chini chini ambayo huenda yalikuwa dua. Kisha kioo kikang'aa na kuuliza, kama ambaye hakusumbua mtu: jina lako?

Bwana Picha aliandika jina lake kwa kidole kimoja. Akaiamsha ya ndani. Akafungua orodha. Kisanduku kilikuwemo, peke yake, kwenye mstari wa kwanza. Akakichagua. Ya nje ikakiachia, ya ndani ikatoa mlio mdogo wa kupokea, na taa ya kijani ikawaka.

"Amekiona!" Mama Betri aliiambia simu.

"Ni nani amekiona?"

"Sote!"

Sasa ilibaki kazi yenyewe, na hiyo haikuwa yake. Alikalia mikono yake isije ikaenda kwenye kipanya. Bwana Picha alikuwa mzito. Alipandisha sauti za juu kupita kiasi, Kinyozi akaruka kama aliyemwagiwa maji. Akaomba radhi, akashusha. Akapandisha kidogo. Akasoma kiganja chake. Mluzi ulipungua, ukawa kama wa mbali, ukaisha. Mama Betri angefanya kwa nusu ya muda huo, na alijua, na aliendelea kukalia mikono.

"Sema kitu," Bwana Picha alimwambia mgonjwa wake.

"Nisemeje?" Kinyozi alisema, kisha akashtuka kwa udogo wa sauti yake mwenyewe. "Kumbe ninaongea hivi? Siku zote hizi mlinivumilia vipi?"

Mama Betri alicheka, akainama kuvuta begi. Alipokuwa chini ya meza, Mkuu alimsogelea Bwana Picha, akamnong'oneza sikioni, midomo haichezi: "Imefanya kazi, sawa. Lakini wewe bado mgeni. Nitamwambia angoje hadi Ijumaa, uzoee."

"Nani angoje hadi Ijumaa?" aliuliza Kinyozi.

Mkuu aligeuka. "Umesikia hilo?"

"Nimesikia. Umesema imefanya kazi, halafu ukasema Ijumaa, halafu ukameza mate. Ni Mama Betri huyo mnayemngojesha? Wewe si ndiye uliyesimama hapo ukinitazama nikijaribiwa?"

Mkuu alitazama kifaa kile sikioni mwa Kinyozi kama kilichomgeuka. Uso wake ulijaa aibu, na chini ya aibu kukawa na kitu kinachofanana na nafuu.

"Nenda, mama," alisema mwishowe. "Nenda kabla sijaogopa tena."

Mama Betri alisukuma mlango kwa bega. Kelele zote zilimrudia kwa mpigo mmoja.

Asubuhi yake alimkuta mdogo wake kwenye kitanda cha magurudumu, amevalishwa joho la kijani, shingo imechorwa alama kwa kalamu ya bluu. Macho yalikuwa wazi.

"Umekuja na gauni hilo," mdogo wake alisema. "Kati ya magauni yote."

"Ndilo lililokuwa safi."

"Lina miaka mingi kuliko huyu daktari. Na umekonda. Na kichwani hujasuka. Nani kafungua mashine leo?"

"Wapo."

"Akina nani?"

"Watu tu."

Mdogo wake alitafuta mkono wake juu ya shuka, akaubana kwa nguvu iliyomshangaza. Muuguzi akaja, akaachia breki kwa mguu, na vidole vikaachana kimoja kimoja mpaka kitanda kikapita milango miwili inayojifunga yenyewe.

"Itachukua muda, mama," muuguzi mwingine alimwambia. "Unaweza kutoka nje ukapunga hewa kidogo. Bustani ipo hapo tu."

"Nitakaa hapa," alisema Mama Betri.

Kulikuwa na benchi moja la mbao ukutani, jembamba, lisilo na egemeo. Alikaa, begi miguuni, uso kwenye milango ile. Upande wa pili hapakusikika kitu. Yeye aliyeishi kwa kuwatafutia watu sauti alitega masikio yote mawili, na hakupata hata sauti moja, na hakunyanyuka.