Harufu ya Mkwamba wa Likoni

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimepakia mizigo Changamwe, nimeuza vigae, nimelinda shamba la minazi la mtu ambaye hakuja kuliangalia hata mara moja. Kila nikiwa mbali huota nyumba ya shangazi yangu kule Kisauni, nyumba niliyokulia, na kila nikirudi humo, haupiti mwezi nishaanza kuulizia magari ya kwenda kwengine. Safari moja tu nilikaa karibu mwaka mzima, na aliyenikalisha ni mwanamke mkemia na kichaka cha mkwamba.

Alikuwa ametoka bara, na alifanya kazi katika maabara ndogo Changamwe. Alitafuta mtu anayeyajua mapori ya Likoni, na jirani akanitaja mimi, maana utotoni kila likizo niliimaliza huko.

"Wewe ndio unajua mkwamba?" akaniuliza siku ya kwanza, hata kabla hajaketi.

"Naujua. Tulikuwa tukila tunda zake, zile nyeupe."

"Na hazikuwaumiza tumbo?"

"Daktari, sisi tulikuwa tukila kila kitu."

Akacheka, nikapata kazi. Daktari nilimwita kwa sababu ya masomo yake, lakini mtaani Kisauni hawakuelewa tofauti. Mama mmoja jirani alimkunjia mkono wa buibui apimwe presha, na alipoambiwa kwamba huyu ni daktari wa majani, akasema, "Basi nipime kwa majani."

Kazi yenyewe nilikuwa nikiionea ajabu. Mmea, alinieleza, haukimbii. Mdudu au mbuzi akitaka kuula, hauna miguu, kwa hiyo hujitengenezea vitu ndani yake, vichungu, vikali, vyenye sumu, na baadhi ya vitu hivyo humfaa binadamu. Yeye alivitafuta kimoja kimoja. Tulikata majani, tukayakausha, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, akaukausha ule mchujo mpaka ukawa mzito kama asali ya zamani. Tone lake lilipita kwenye mashine, na mashine ikachora mstari wenye vilima, kila kilima kitu kimoja.

"Mashine yajuaje kutenganisha?" nilimuuliza.

"Umeona watu wakishuka feri? Wepesi wanatangulia. Wenye mizigo na watoto wanabaki nyuma. Mimi nasimama pale juu na saa, nahesabu nani amefika saa ngapi."

Tangu siku ile sikushuka feri bila kujiuliza mimi ni kilima cha ngapi. Shuleni kwetu maabara ilikuwa na ufunguo uliopotea nikiwa kidato cha pili na haukupatikana hadi namaliza, kwa hiyo kemia niliijua ya ubaoni tu. Kumbe ilikuwa ni kusubiri watu wateremke.

Vilima vingi vina majina tayari. Alichokitaka ni kile ambacho hakuna mtu aliyekipa jina. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka, na mkubwa wake alikwisha kumwambia wazi: leta kitu kipya tuendelee, au tuagane kwa amani. Aliniambia hayo kichakani huku akikata matawi, kama mtu anayezungumzia mvua.

Na mvua ndiyo iliyotuingiza katika mambo. Stoo ya maabara ilivuja, majani ya kwanza yakaota ukungu. Nikamwambia kwa shangazi kuna chumba cha uani, cha mabati, kikavu, dirisha lake lapata upepo. Shangazi ni mjane, hakujaaliwa kuzaa, na hupenda nyumba ikiwa na shughuli. Alikubali pale pale.

"Na yaje. Majani ya mgeni nayo ni wageni," alisema.

Tuliyatandaza juu ya mikeka. Yalipokauka nikayafunga mifukoni nikayapeleka Changamwe. Alipofungua mfuko wa kwanza akaingiza pua yake yote.

"Huu mkwamba wenu wa pwani! Unanukia hivi ukikauka?"

Nami nikanusa. Sikusikia chochote kipya. Nikadhani ni adabu zake tu, mgeni kusifu cha watu, nikaitikia, "Ahsante."

Siku chache baadaye akanipigia simu. "Kuja. Kuja sasa hivi."

Nilimkuta ameshika karatasi kwa mikono miwili. Karibu na mwisho wa mstari, pale wanaposhuka wenye mizigo, palikuwa na kilima kirefu, chembamba, peke yake. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ya maelfu ya majina na hiki haikukijua.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Sijui," akasema, na sijawahi kumwona mtu aliyefurahi vile kwa kutojua kitu.

Mkubwa wake akataka irudiwe. Tukakata tena, na mara hii ilikuwa Ramadhani. Kilima kikatokea tena, kirefu maradufu. Akasema labda ni jua, labda mmea ukikosa maji hukitengeneza zaidi. Mimi nilianza kutembea Likoni kifua mbele. Kwa kinyozi niliwaambia watu kwamba pori letu lina kitu ambacho dunia haijakijua, na mmoja akaniuliza kama chatibu uvivu, nianze nacho mimi.

Kisha stoo ya Changamwe ikaezekwa upya. Mkubwa wake akaagiza mzigo wa tatu ugawanywe: nusu ukaushwe kwa shangazi, nusu maabara. Kichaka kimoja, asubuhi moja, panga langu lile lile. Nusu ya shangazi ikaja na kilima chake. Nusu ya maabara haikuwa na kitu. Pale mahali pake mstari ulikuwa umelala tambarare.

Daktari alizilinganisha zile karatasi siku mbili. Siku ya tatu, ilikuwa Alhamisi, tukarudi Likoni. Akachukua udongo, akachunguza kama mbuzi wamelamba, akaniuliza nilishika nini kabla ya kukata. Mwishowe akakwanyua jani bichi, akalisugua kati ya vidole, akanusa.

"Mbona mbichi haunukii?"

"Haujawahi kunukia."

"Nini hakijawahi?"

"Mkwamba. Mkwamba hauna harufu, daktari."

Akaniangalia. "Na ile ya kwenye mifuko?"

"Harufu gani?"

"Wewe husikii? Miezi hii yote nafungua ile mifuko, wewe husikii?"

"Nasikia inanuka nyumbani tu."

Akalitupa jani. "Nyumbani kwa nani?"

Tulivuka na feri, tukakata mji mpaka Kisauni, tukafika Magharibi imeshaadhiniwa. Taa ya chumba cha uani ilikuwa inawaka. Nikaita, "Shangazi!"

"Abee! Niko huku kwa majani."

Alikuwa amesimama katikati ya mikeka ya majani tuliyoyabakiza, kanga kifuani, chetezo mkononi, makaa mekundu na moshi wa udi ukipanda. Alikuwa akiinua upande mmoja wa mkeka, anaupitishia moshi chini, kisha upande wa pili, taratibu, kama anavyofukizwa nguo bibi harusi. Moshi ulikuwa mwingi hata dirisha halikuonekana.

"Shikamoo mama," daktari akasema. "Unafanya nini?"

"Marahaba. Nayafukiza, binti yangu. Majani yako yalale hapa yakinuka vumbi na wewe ni mgeni wetu? Wallahi ningeona haya."

"Kila siku?"

"Kila Alhamisi, kuamkia Ijumaa. Ila Ramadhani ni kila jioni, mwezi mtukufu ule."

Daktari akaketi kwenye kizingiti. Akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa koti lake, kisha kile kicheko kikamwishia ghafla na akabaki anatazama ile mikeka. Mimi nilijua anachokiona: kilima kirefu, mkataba, mwisho wa mwaka.

Shangazi akakishusha chetezo. "Nimekosea?"

"Hapana, mama," akasema. "Umenipokea vizuri sana."

Nilishangaa kwamba sikuwahi kufikiri. Lakini ule moshi nimelala ndani yake tangu nikiwa mchanga. Ningeusikiaje?

Shangazi udi wake huunga mwenyewe, na maharusi wa Kisauni hadi Frere Town huja kuununua. Huchemsha sukari, hutia sandali, ubani na marashi, na vitu vyengine ambavyo huvitia akiwa amefunga mlango wa jikoni. Daktari akaomba kipande, akapewa kimefungwa kwenye karatasi. Kisha akauliza ndani mna nini.

"Hayo hayaulizwi," shangazi akasema. "Aliniachia mama, naye aliachiwa na mamake. Huambiwa mtoto wa kike, au mke wa mtoto." Akanitazama. "Nina huyu hapa, mwana wa ndugu yangu. Hana mke. Hatulii, lakini ni mzima."

"Mama, huyu nikimkubali leo, kesho ataniachia ujumbe kwamba yuko Voi."

Nikimsindikiza barabarani nikamwambia kwamba mkubwa wake hakuwepo chumbani, na moshi hauzungumzi.

"Nikinyamaza," akasema, "mtu mwingine atakuja kukata mkwamba, atafute kilima changu mpaka azeeke." Akampigia mkubwa wake pale pale, kando ya kibanda cha viazi karai. Alieleza yote. Nikasikia sauti ya upande wa pili ikiuliza kama huo udi wauzwa.

Kabla ya kuondoka maabara alikipitisha kile kipande kwenye mashine. Kilima kilikuwa pale pale, saa ile ile. Sandali aliitambua, ubani aliutambua, marashi pia. Kile kirefu bado hakikuwa na jina, na sasa hakikuwa cha mkwamba wala cha kazi yake. Mkataba ukaisha. Akapata kazi kwenye kiwanda cha chai huko bara, ya kupima majani ambayo kila kitu chake kinajulikana. Alipotuaga alimshukuru shangazi kwa chumba, wala hakugusia lolote jengine.

Huko aliko akawa anapiga simu. Anaamkia, anauliza hali, kisha anauliza, "Na ile siri, mama?" Shangazi anacheka, "Njoo uolewe." Ulikuwa mchezo wao.

Siku moja baada ya simu shangazi akabaki ameishika mkononi. "Ule moshi wangu ndio uliomtoa kazini?"

Nikasema mkataba ulikuwa unaisha wenyewe.

"Sikukuuliza mkataba."

Akaingia jikoni, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa na kikapu kidogo, ndani yake mafundo ya kitambaa, kila moja limefungwa kwa uzi wake.

"Mpelekee. Sikumwambia kitu, wala majina sikuandika. Ana mashine, atajua mwenyewe."

Nilikuwa niupeleke mzigo ofisi ya mabasi upakiwe tu. Nilipofika nikakata tikiti yangu. Kwenye benchi la kusubiria nikayanusa mafundo moja moja. Sandali, naam. Ubani, naam. Moja nililinusa mara mbili, mara tatu, nikadhani amefunga kitambaa kitupu. Nikalibinya, mlikuwa na kitu kigumu kama ganda. Nikaliweka juu ya mengine.

Asubuhi ya pili nilikuwa kwenye ardhi nyekundu, baridi, mashamba ya chai pande zote, sina koti. Gari la kuelekea kiwandani lilikuwa halijajaa. Nikafungua kikapu nitazame kama mafundo yako salama, na lile la juu likanipiga usoni: tamu, zito, lenye uchachu kidogo pembeni. Abiria wa mbele akageuka kuuliza ni nini.

Nikamwambia sijui, na kwamba nampelekea anayetaka kujua.